Heko kwa Wahindu wa Eldoret

Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, na miongoni mwa wenye maduka walioukuza mji walikuwamo Wahindu. Nawapa heko kwa kuitunza dini yao mbali sana na mto Ganges.

Dini hiyo haina mwanzilishi mmoja wala tarehe ya kuanza. Ilikua Bara Hindi, na Veda, maandiko yake ya kale, yalipokezwa kwa kukaririwa kwa miaka ipatayo 3,000. Wengi huamini kwamba miungu kama Vishnu, Shiva na Lakshmi ni sura za ukweli mmoja, Brahman. Huamini pia kwamba roho huzaliwa tena na tena, na matendo ya mtu, karma, humwandama mpaka apate ukombozi.

Ninachokienzi zaidi ni ibada yenyewe. Kengele hulia, kuhani huzungusha taa ya samli mbele ya sanamu, kisha waumini hugawiwa prasad, chakula kilichotolewa kwanza kwa Mungu. Tajiri na maskini hunyoosha kiganja kilekile cha kulia. Sheria ya Kenya nayo inaitambua Diwali kuwa sikukuu ya Wahindu, heshima wanayoistahili kabisa.