Mkalimani Asiyeonekana: Kuhusu Filamu "Empire of Dust"

Kuna filamu zinazojulikana kwa kipande kimoja tu, na hiki ndicho kisa cha Empire of Dust, iliyotengenezwa na Mbelgiji Bram Van Paesschen mwaka 2011. Kipande chenyewe kimezunguka sana katika intaneti. Lao Yang, Mchina wa kampuni ya ujenzi, anamwambia Eddy, mkalimani wake Mkongomani, kwamba Wabelgiji waliacha barabara na reli, nasi tukaziacha zikaharibika. Watu wengi wa nje wamekitumia kama ushahidi: wengine kuhusu Afrika, wengine kuhusu dharau ya Wachina. Nadhani wote wameharakisha.

Anayeitazama filamu nzima hukuta mambo tofauti. Lao Yang yuko Kolwezi kwa ajili ya barabara ya kwenda Lubumbashi, yapata kilomita 300, lakini hawezi kupata hata kokoto. Anasubiri, anabishana na wauzaji, anasubiri tena. Neno "empire" katika anwani linamwahidi mtazamaji nguvu kubwa, ilhali picha zinamwonyesha mtu aliyekwama. (Kulitafsiri neno hilo si kazi nyepesi: "himaya" ina harufu ya ulinzi, "ufalme" unadai mfalme, na "dola" ni baridi mno. Mimi ningechagua "dola".) Hapo mwongozaji amefanya kazi njema, maana taswira ya China isiyoshindika, ambayo magazeti ya Ulaya huipenda, inayeyuka mbele ya rundo la mawe lisilofika.

Hata hivyo, filamu inanyamazia jambo zito. Kampuni ya Lao Yang ni ya kundi la China Railway, na kundi hilo ni mshirika katika Sicomines, mradi uliozaliwa na mkataba wa 2008 wa kubadilishana madini na miundombinu. Humo, upande wa China una asilimia 68 za hisa, na Gécamines asilimia 32. Mtazamaji anayesikia somo kuhusu reli zilizoharibika bila kuzijua hesabu hizo humwona mwalimu mkali, wala hamwoni mbia wa biashara. Mkataba ulijadiliwa upya, na mwaka 2024 fedha za miundombinu zilipandishwa hadi dola bilioni 7. Yaani hata walioutia sahihi waliona kwamba haukuwa sawa.

Namrudia Eddy, kwa sababu ndiye kiini cha filamu ingawa wanaokisambaza kipande kile hawamtaji. Yeye peke yake anasikia pande zote mbili, Kichina cha bosi na lugha za wenyeji. Mgeni anayedhani amewaelewa Wachina wa Katanga, kwa kweli ameelewa kile ambacho Eddy alikubali kukipitisha, kisha akasoma tafsiri ya maandishi chini ya picha. Majibu mafupi ya Eddy mbele ya lawama husomwa kama kukubali. Kwa mtu aliyewahi kutafsiri maneno ya mwajiri wake, ufupi huo unaweza pia kuwa adabu ya kazi, au uchovu tu.

Njia nyingine ipo. Mmarekani Deborah Brautigam, katika Will Africa Feed China? (2015), alifuatilia habari kwamba kampuni ya Kichina imepewa takriban hekta milioni 3 za michikichi nchini mwetu. Alikuta mradi wa hekta 100,000 tu, ambao nao haukutekelezwa. Yeye anasoma Kichina, na alitafuta hati kabla ya kutoa hukumu.

Nakusudia kuwaonyesha wanafunzi wetu wa tafsiri kipande kile kwanza, waandike wanachodhani wamekiona. Kisha filamu nzima, mkataba ukiwa mezani, na swali moja: Eddy angesema nini kwa Kiswahili?