Saa ya KickSat haikupaswa kuanza upya

Mliofuatilia KickSat, setilaiti ya Chuo Kikuu cha Cornell, mwaka 2014 mnajua kilichoniudhi. Vijisetilaiti 104 vya Sprite, kila kimoja kibamba cha sentimita 3.5 kwa 3.5 chenye uzito wa gramu 5, viliungua vyote ndani yake bila hata kimoja kuachiwa. Ilisingiziwa mionzi. Mimi namlaumu aliyeamua saa ihesabuje.

Chombo kilirushwa Aprili 18, saa ikiwa imepangwa kuhesabu siku 16: Mei 4 kifunguke. Aprili 30 kompyuta ndogo iliyoshika saa hiyo ikazimika na kuwaka tena. Hapo sina ugomvi. Mionzi ya huko juu haina adabu, na kompyuta kujiwasha upya ni dawa, si ugonjwa. Lakini ilipoamka ikaanza siku 16 nyingine, kana kwamba ndiyo kwanza inashuka kwenye roketi! Tarehe mpya ikawa Mei 16. Mzingo wenyewe ulikuwa wa chini, hewa nyembamba ikikivuta chombo kila siku, na Mei 14 kikarudi kwenye angahewa na kuungua. Siku 12 zilizokwisha kuhesabiwa zilipotelea wapi? Baiti chache kwenye kumbukumbu isiyofutika, zikiandikwa upya kila saa, zingetosha kabisa.

Basi si wangetuma amri kutoka chini? Wapi! Redio ya kupokea amri ilipangwa isiwake mpaka betri zifike volti 8, na hazikufika. Mlango mmoja, funguo mbili, zote zimefungiwa ndani.



Najua nimewachosha na setilaiti ya XI-IV ya Chuo Kikuu cha Tokyo, lakini vumilieni. Vijana wa Profesa Nakasuka walijenga mchemraba wa sentimita 10 kwa vipuri vya dukani, ukarushwa Juni 30, 2003. Kamera, sumaku ya kuuelekeza, mlio wa Morse, basi. Zaidi ya miaka 20 baadaye ulikuwa bado unasikika. Wale walijua chombo kitazimika, wakajiandaa kwa kuamka kwake.

Kwetu huku swali la kuamka halina mwenyewe. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipopata setilaiti yake ya 1KUNS-PF angani Mei 11, 2018, tulisoma “ya kwanza ya Kenya” mpaka basi. Sikumwona mwandishi aliyeuliza inaamkaje ikizimika.

Zac Manchester, aliyeongoza KickSat akiwa mwanafunzi wa uzamivu, alirudi na KickSat-2, na Machi 2019 Sprite 105 zikaachiwa. Miaka mitano baadaye. Kwa hiyo wewe mwenye mradi chuoni, kabla hujaita wapiga picha, chomoa betri hesabu ikiwa katikati, irudishe, kisha tuonyeshe saa inasoma ngapi.