Juu ya Habari za Matembezi ya Watu Wawili

Iko aina moja ya maandishi ambayo wahakiki wetu hawajaijali sana, nayo ni habari ya matembezi ya siku moja. Mtu na mwenzi wake wamefika katika mji wa kigeni. Wametoka asubuhi kwa miguu, wamerudi magharibi, na mmoja wao amekaa kitako kuandika waliyoyaona. Maandishi ya namna hii ni mengi, na yahusuyo miji ya Asia ya Kusini-Mashariki yana wingi wa pekee. Hapa nitayapima yale ya George Town, mji wa kisiwa cha Penang katika Malaysia, kwa kuwa kitovu chake cha kale ni kidogo, chazungukwa kwa miguu kwa siku moja, na kwa hiyo mwandishi hana pa kujificha.

Njia ya matembezi hayo aghalabu ni ile ile. Wawili huanza pwani, kwenye Ngome ya Cornwallis, karibu na pale Francis Light alipotweka bendera ya Waingereza mwaka 1786. Kisha huishika njia iitwayo leo Jalan Masjid Kapitan Keling. Katika njia hiyo na kando yake lipo kanisa la Mtakatifu George la mwaka 1818, hekalu la Wachina la Mungu-mke wa Huruma, hekalu la Wahindi la Sri Mahamariamman, na msikiti ulioasisiwa na Waislamu wa Kihindi mwanzoni mwa karne ya 19. Mchana huwa zamu ya jumba la ukoo wa Khoo, lililomalizika mwaka 1906 baada ya lile la kwanza kuteketea. Halafu picha ya watoto wawili juu ya baiskeli, iliyochorwa ukutani na Ernest Zacharevic mwaka 2012. Mwandishi dhaifu huyahesabu haya kama karani wa forodha ahesabuvyo marobota. Kosa hilo kila msomaji huliona, wala sitalikalia.

Kosa lililojificha zaidi limo katika silabi moja: tu. Tuliona, tuliingia, tulistaajabu. Lugha yetu imetujalia silabi hii nyepesi, nayo hubeba watu wawili kama vile ni mmoja. Lakini wawili wana macho manne, na miguu yao haichoki saa moja. Chukua mfano wa msikiti. Mwandishi asema, "Tuliingia msikitini." Mlangoni, mgeni wa kike asiyejisitiri hupewa joho na kitambaa cha kichwa, mumewe aliyevaa suruali ndefu hupita kama alivyo. Mmoja ameingia akiwa amegeuzwa sura mbele ya watu, amefukutwa na joto ndani ya nguo isiyo yake, yamkini kwa haya, yamkini kwa furaha ya kuwa mtu mwingine kwa nusu saa. Wa pili ameingia akitazama kuba na nguzo. Yametukia mambo mawili, na sentensi ile fupi imeyazika yote mawili. Msomaji Mwislamu, ambaye kwake msikiti ni mahali pa kuvua viatu na kuswali, hubaki akijiuliza ni nani hasa aliyeingia.

Ndivyo ilivyo na picha ya baiskeli. Wageni hupanga foleni mbele ya ukuta ule ili wapigwe picha, na katika wawili lazima mmoja awe nje, ameshika kamera. Habari huandikwa kana kwamba wote wawili walikuwa ndani.

Nasadiki kwamba waandishi hawa hawakusudii udanganyifu. Umoja wa ndoa ni kitu kizuri, na pengine huona aibu kuonyesha mbele ya watu kwamba saa nane mchana mmoja alitaka kuendelea na mwingine alitaka kivuli. Lakini ukweli huwaponyoka mezani. Penapo habari ya chakula, silabi ile hupasuka: huyu ameipenda laksa ya Penang, tambi za mchele katika mchuzi wa samaki uliotiwa ukwaju, yule ameona ni chachu mno, akatafuta wali. Hapo mara moja tunawaona watu wawili, na maandishi yanapumua. Ajabu ni kwamba mwandishi huliona jambo hilo kuwa mzaha mdogo, akaharakisha kurudi kwenye mahekalu.

Kadhalika huharakisha penye kivuli. Nyumba za biashara za mji ule zina vibaraza mbele, chini ya orofa, ambavyo Wamalai huviita kaki lima, yaani futi tano, kwa kipimo cha upana wake. Viliwekwa ili mtu aende kwa miguu bila kuunguzwa na jua wala kulowa mvua. Leo mwendaji hukuta pikipiki, meza na majungu, akateremka barabarani kwenye magari, kisha akapanda tena. Kila anapoteremka amepishana na riziki ya mtu fulani. Sisi tuliokulia penye baraza twajua kwamba mahali pa namna hiyo ni nusu njia na nusu sebule. Waandishi wengi hupaona kuwa kizuizi tu.

Na watu wenyewe wako wapi? Sheria ya mwaka 1966 ilizuia kodi za nyumba zilizojengwa kabla ya mwaka 1948 zisipande, na chini yake mafundi na wachuuzi walikaa mjini kwa kodi ndogo. Ilikoma mwanzoni mwa mwaka 2000; kodi zikapanda, na wapangaji wengi wakahama. Mwaka 2008 mji ukatiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Kwa hiyo nyumba ambayo wawili wetu waisifu kwa ukimya wake, yawezekana imenyamaza kwa sababu hiyo. Mkazi wa Mji Mkongwe wa Unguja au wa Lamu, miji iliyoingia katika orodha hiyo mwaka 2000 na 2001, hahitaji kufafanuliwa. Mlango wake wa nakshi umekwisha kuandikwa mara nyingi kuliko jina lake.

Takriban kila habari hufikia mwisho kwenye gati la ukoo wa Chew, penye nyumba za mbao zilizosimama baharini juu ya nguzo, ambamo familia zingali zinakaa. Njia ya mbao ni finyu, na viatu vya wenyeji vipo mlangoni. Hapo jua huzama, nao hulitazama, na maneno huwa mengi. Ningependa kusoma habari moja ambayo mwandishi, saa ile, amemgeukia mwenzake akamwuliza ameona nini tangu asubuhi, kisha akaliandika jibu lake, hata kama ni kwamba viatu vimembana na anataka kulala.