Freti Iliyolika na Sikio la Taarabu

Wapenzi wa taarabu wasikiapo gitaa likimkwaza mwimbaji, aghalabu huulaumu uchakavu wa chombo. Lawama hiyo ni nusu ya ukweli. Freti, yaani vile vipande vya waya mnene vilivyokingama shingoni mwa gitaa, hulika kweli. Nyingi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, na uzi wa chuma unaobanwa juu yake kila usiku huchimba mfuo mahali pale pale, hasa katika freti za mwanzo. Hewa ya chumvi haisaidii, kwani uzi ulioshika kutu hukwaruza mithili ya tupa. Mfuo ukizidi, uzi hushuka ukagusa freti ya mbele, na sauti ikatoka na mkwaruzo. Freti ikiwa bapa, uzi hukosa ukingo mwembamba wa kusimamia. Noti hufifia, tena hupotoka kidogo. Hayo yote fundi huyatibu: huzisawazisha freti na kuzirudishia mgongo wake wa mviringo, au huzing'oa akatia mpya.

Lakini hata gitaa lenye freti mpya kabisa, likipigwa maqamu ya Rasti, sauti ya tatu bado itakosekana. Gitaa huigawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa, ilhali sauti hiyo, ikihesabiwa tangu uzi ulio wazi, hukaa baina ya freti ya tatu na ya nne, pasipo na waya. Mpiga udi huifikia kwa kidole tu, maana udi wake hauna freti.

Wala freti si adui kwa asili yake. Udi wa zama za Bani Abbasi ulifungwa freti za utumbo, na Mansur Zalzal wa Baghdad ndiye anayenasibishwa na freti iliyowekwa katika pengo hilo hilo. Lakini freti ya kufungwa huweza kusogezwa. Ya gitaa imepigiliwa. Mwimbaji basi huchagua: aifuate Rasti au alifuate gitaa. Taarabu ya kisasa, iliyoshamiri miaka ya 1990, mara nyingi imechagua gitaa na kinanda, na hasara imelifika shairi: kina kilichostahili kuning'inia baina ya sauti mbili huangukia sauti ngumu isiyo na huzuni wala raha.

Wapo wapigaji wasioridhika. Hubana freti ya tatu, wakauvuta uzi kando hadi sauti ipande robo toni. Uvutaji huo ndio unaozila freti upesi zaidi. Mfuo mpana katika freti ya tatu, kwa hiyo, huenda usiwe alama ya uzembe. Huenda mwenye gitaa alikuwa akiitafuta Rasti.