Vigari vya Charley Bowers

Katika Egged On, filamu ya vichekesho isiyo na sauti ya mwaka 1926, mayai yanawekwa ndani ya injini ya gari la Ford, na joto la injini linayatamia. Ganda la kwanza linapasuka. Kitu cheusi kinachomoza, kinajikunjua, kinaota magurudumu na paa, na tayari ni kigari kamili. Vinaanguliwa vingine, kisha vyote vinakimbilia uvunguni mwa gari mama kama vifaranga.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi, nikisimamisha picha moja baada ya nyingine nione ujanja umepita wapi. Sijauona. Charley Bowers, mtengenezaji wa filamu hiyo aliyetoka kwenye kutengeneza katuni za Mutt and Jeff, alishirikiana na Harold L. Muller kusogeza kila kitu kwa mkono: sogeza kidogo, piga picha, sogeza tena. Sekunde moja ya filamu ilimeza picha 16 au zaidi, na kila kigari kilichoongezeka kilidai kusogezwa peke yake. Mchekeshaji mwingine angeridhika kwamba gari limetoka kwenye yai, mzaha umeshaeleweka. Bowers anataka lijinyooshe kwanza, ndipo litembee. Katika kujinyoosha huko, chuma kinapata uhai.

Wachekeshaji Chaplin na Keaton wana heshima yao, wala siwapunguzii. Lakini kwa subira ya mikono, simwoni wa kumlinganisha na Bowers. Katika Now You Tell One anaotesha paka halisi kwenye mti; katika Many a Slip anahangaika kubuni ganda la ndizi lisiloteleza.

Alifariki mwaka 1946, amesahaulika. Ufaransa walikuwa wakimwita Bricolo, na ni kwa jina hilo Raymond Borde wa hifadhi ya filamu ya Cinémathèque de Toulouse alipata filamu zake, ikabidi kwanza itafutwe Bricolo ni nani. Wakusanyaji wa filamu za zamani wanaijua kazi hiyo ya kutafuta. Nakala za milimita 16 au 9.5, zilizotengenezwa kwa watazamaji wa nyumbani, zimeokoa vichekesho vingi ambavyo mikanda yake ya kwanza ya nitrati ilioza au kuungua. Filamu za Bowers bado zina mapengo: nyingine zimebaki vipande, nyingine hazijaonekana. Kwa hiyo kopo la zamani la filamu lenye jina lisilojulikana lisitupwe kabla mkanda wake haujakaguliwa.