Udongo Kwanza, Kivuli Baadaye: Kuchagua Mimea ya Bustani Ggaba

Vilima vya Kampala vina udongo unaobadilika kwa mpangilio kadiri unavyoshuka, na njia ya kutoka Bunga hadi mwalo wa Ggaba haina tofauti. Juu kuna moramu, kokoto nyekundu za chuma zilizoshikana, zimefunikwa na udongo mwembamba. Mteremkoni kuna mfinyanzi mwekundu wenye kina. Ukikaribia Ziwa Victoria rangi hugeuka kijivu, kisha unafika kwenye mafunjo, ambako maji husimama. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, Usambara, alieleza mwaka 1935 kwamba udongo wa Afrika Mashariki usomwe hivyo, kama mfululizo unaojirudia kutoka kilele hadi bonde. Mwaka 1959 Radwanski na Ollier wakauchambua mfululizo wa Buganda wenyewe.

Uchaguzi wa mimea ya kivuli hauna budi kuanzia hapo. Kitaluni mteja huomba mmea unaovumilia kivuli, na muuzaji humpa. Kama maji kwake yanakaa au yanakimbia, hakuna anayeuliza. Mmea uleule hufa kwa kiu juu ya kilima na huoza mizizi bondeni, na mara zote mbili lawama hubebeshwa kivuli.

Jaribio lake halihitaji maabara. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakishanywewa lijaze tena. Yakitoweka ndani ya saa chache, uko kwenye moramu au mteremko mzuri. Ukiyakuta asubuhi ya pili, sahau mmea wowote unaotaka mizizi yake ipumue. Viwanja vya chini vina mtego zaidi, kwa sababu baadhi vimejazwa moramu juu ya ardhi oevu: juu ni pakavu kama barabara, chini kidogo kuna maji. Mei 2020 ziwa lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964, na Ggaba ilikuwa miongoni mwa mialo iliyofurika. Maji yakionekana juu ya ardhi kiasi hicho, mizizi iliyokwenda chini imekwisha kukosa hewa muda mrefu.

Mfano bora wa kupanda ndani ya kivuli katika udongo huu uko karibu mno kiasi kwamba wenye bustani za kisasa hawautazami. Ni lusuku, shamba la migomba la Waganda. Juu kabisa husimama mtuba, unaopandwa kwa kuchomeka tawi kubwa, na ambao gome lake hutoa lubugo, nguo ambayo ufundi wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Chini yake migomba ya matooke, kisha kahawa ya robusta, ambayo asili yake ni misitu ya ukanda huu na kwa hiyo kivuli ni kwao. Penye unyevu hukaa magimbi. Kila mmea umewekwa kwa kufuata mwanga unaoachiwa na ule wa juu yake.

Lakini nguvu ya lusuku, kwa maoni yangu, iko sakafuni. Majani makavu na vigogo vya migomba hukatwa na kutandazwa, na mfinyanzi haubaki uchi hata msimu mmoja. Mvua za Machi hadi Mei hazipati nafasi ya kuugandamiza, wala ukame kuupasua. Kuna faida nyingine isiyoonekana: udongo huu wenye chuma na aluminiamu nyingi huing'ang'ania fosforasi, hata mbolea uliyonunua ikawa haifiki kwa mmea. Matandazo yanayooza juu huilisha mizizi palepale juu, kabla virutubisho havijanaswa na mfinyanzi.

Mwembe ni habari nyingine, nao ndio mti ninaoukuta katika viwanja vingi. Hauachi majani yote kwa wakati mmoja, kivuli chake ni kizito mwaka mzima, na mizizi yake ya kunyonya imejaa karibu na uso wa ardhi. Anayepanda chini yake anashindana kwa maji kuliko kwa mwanga. Kata matawi ya chini jua la asubuhi lipenye, panda miche midogo katika mifuko ya udongo kati ya mizizi, na usirundike udongo mpya juu yake, kwani utaikaba. Sanseveria na masale, yale ambayo Wachagga hupandia mipaka, huvumilia hapo vizuri.

Halafu kuna kivuli cha ukuta, na hapa vitabu vya Ulaya vinapotosha kabisa. Vinasema upande wa kaskazini wa ukuta una kivuli na wa kusini una jua. Ggaba iko takribani robo ya digrii tu kaskazini mwa ikweta. Mwezi Juni jua hupita kaskazini, na ukuta wa mita 3 unaotoka mashariki kwenda magharibi hutupa upande wa kusini kivuli cha kama mita 1.3 jua linapokuwa juu kabisa. Desemba kivuli hichohicho huhamia kaskazini. Mmea wa kandokando ya ukuta huo lazima uweze kuishi nusu mwaka gizani na nusu mwaka juani. Robusta inaweza, masale pia, ila majani yake huungua kidogo. Ukuta unaotoka kaskazini kwenda kusini ni rahisi zaidi: upande wa mashariki hupata asubuhi, wa magharibi hupata alasiri kali, mwaka mzima.

Kwa bonde lenye kivuli ningetazama msitu wa kando ya ziwa kabla ya kitalu. Matungulu, yenye matunda mekundu yachipukayo chini ya shina, na njulu, ambayo mabua yake husukiwa vikapu, hupenda unyevu na giza la chini ya miti. Magimbi hustawi pia, lakini sipendekezi kuyala kama mtaro wa maji machafu unapita karibu. Saintpaulia, ua maarufu la Usambara, huvutia watu kwa sababu linajulikana kwa kupenda kivuli. Kwao hukua kwenye miamba inayochuja maji haraka, na katika mfinyanzi wa Ggaba litaoza. Liweke kwenye chungu.

Kwa matandazo, maganda ya kahawa kutoka viwanda vya kukoboa hufaa sana, yakiwa yamelazwa wiki kadhaa yapoe kabla ya kuguswa na miche. Mchanga usiuchanganye na mfinyanzi kwa kutumaini utalainika. Kwa kiasi ambacho mtu wa kawaida anaweza kununua, hubaki mgumu vilevile. Panda mvua za Machi au Septemba zinapoanza, mgomba utangulie, na kahawa ifuate msimu wa pili kivuli kikishakuwapo.