Teketeza, Tupa au Kabidhi? Uhakiki wa Istilahi za Betri

Istilahi hupimwa kwa vipimo viwili: usahihi wake kwa mtaalamu, na kazi yake kwa mtumiaji. Makala haya yanakusudia kuhakiki maneno machache yatumikayo katika maelekezo ya kutunza betri za nyumbani. Katika uwanja huu, tafsiri isiyo makini yaweza kumjeruhi mtu.

Neno la kwanza ni teketeza. Katika lugha ya ofisi, kitenzi hiki kimepanuliwa maana hata kikabeba dhana ya kuondosha kitu chochote kisichofaa: dawa zilizopitwa na muda, nyaraka, mizoga. Vitu hivyo mara nyingi huchomwa kweli, kwa hiyo neno halipotoshi. Betri sivyo ilivyo. Ikitiwa motoni, gesi hutanuka ndani ya gamba lililozibwa, nalo hupasuka. Betri ya lithiamu huwaka kwa ukali. Na yenye kadimi au zebaki hutoa moshi wa sumu. Mfasiri aandikaye "teketeza kwa usalama" amemwamuru msomaji kutenda lile lile ambalo onyo la asili limelikataza.

Wengine huchagua tupa, na kuongeza ipasavyo. Kielezi hiki hakimfundishi mtu lolote. Mwananchi ajuaye jalala na shimo la taka tu ataona kuwa ametupa ipasavyo, na taka za shimo hilo huenda zikachomwa jioni.

Tatizo la pili lahusu majina. Watu wengi husema mawe ya tochi au mawe ya redio. Neno hili ni zuri, na hatuna sababu ya kulifukuza katika mazungumzo. Ila jiwe halivuji wala halina kemikali. Huenda ndiyo maana watoto huvunja betri kuukuu bila hofu, na unga wake mweusi umewahi kutumiwa kupakia ubao shuleni. Unga huo una oksidi ya manganizi, si masizi ya chungu. Neno betri nalo lajumlisha mno: betri kavu ya volti 1.5 isiyochajiwa, betri ya simu ichajiwayo, na betri ya gari yenye risasi na asidi ya salfa. Onyo "usichaji" halina maana mpaka aina itajwe. Twapendekeza betri kavu, betri ya kuchajiwa na betri ya asidi zitenganishwe katika kila maandishi.

Ile ndogo ya duara huitwa betri ya saa, ingawa imo pia katika vitu vya kuchezea na rimoti. Yafaa iitwe betri kifungo. Atakayeshawishika kuiita kidonge na akumbuke kwamba kidonge humezwa. Betri kifungo ya lithiamu ikikwama kooni mwa mtoto yaweza kumwunguza vibaya katika muda wa saa 2. Mtoto hukimbizwa hospitali mara moja, wala hatapishwi.

Tatu, kuna tafsiri ya neno kwa neno. "Usifupishe mzunguko wa umeme" ni sentensi isiyo na kosa la sarufi, lakini haieleweki. Fundi husema shoti. Kwa mtu wa nyumbani yatosha kuandika: "Usiweke betri pamoja na sarafu, funguo au waya." Vivyo hivyo, badala ya "epuka uvujaji," iandikwe: "Usichanganye betri mpya na kuukuu. Itoe katika redio isiyotumika. Ikivuja, usiguse maji yake kwa mkono mtupu."

Je, neno la kuondosha betri iliyokwisha liwe lipi? Katika nyaraka, uondoshaji watosha. Katika maelekezo kwa umma, twapendekeza vitenzi vitatu kwa mfuatano: tenga, hifadhi, kabidhi. Itengwe na taka nyingine, ihifadhiwe mahali pakavu, mbali na joto na watoto, ncha za ile ya lithiamu zikiwa zimefunikwa kwa utepe, kisha ikabidhiwe.

Atauliza msomaji: ikabidhiwe kwa nani? Swali hilo ndilo faida ya neno lenyewe. Tupa humwachia mwananchi mzigo wote. Kabidhi hudai awepo mpokeaji. Mtumishi wa halmashauri atakayeandika kitenzi hicho katika tangazo hana budi kutaja pia mahali, siku na ofisi ya kupokea. Akikosa la kutaja, upungufu haumo tena katika lugha.